Kaa Aliyejificha: Taarikh ya Kuitafuta Saratani kwa Mwanga



Neno "saratani" ni neno la Kiarabu, na maana yake ni kaa, huyu huyu kaa wa pwani tunayemjua sote. Wayunani wa kale nao waliyaita maradhi haya kwa jina la kaa, Warumi wakawafuata, na neno "kansa" limetoka katika Kilatini chao kwa maana ile ile. Matabibu wa zama hizo waliona uvimbe uliozungukwa na mishipa iliyotuna pande zote, wakaufananisha na kaa na miguu yake. Lakini sisi watu wa pwani twamjua kaa kwa tabia yake nyingine: hujichimbia akajificha, na ukimwona ametoka, tayari amekwisha kuwa mkubwa. Hiyo ndiyo khabari ya saratani. Ubaya wake mkubwa ni kule kujificha kwake.

Katika makala haya twataka kukuhadithia taarikh ya chombo kimoja kinachotengenezwa na wataalamu wa siku hizi ili kumtafuta kaa huyu angali mdogo. Chombo chenyewe ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, upitishao mwanga. Mafundi wa simu na intaneti huuita faiba. Ukitumbukizwa katika tone la damu, mwanga uliomo ndani yake huweza kutoa khabari ya kitu ambacho jicho halikioni. Ili tuifahamu khabari hii vizuri, yatupasa turudi nyuma miaka elfu moja, kwa watu wawili walioishi zama moja, mmoja magharibi na mmoja mashariki, na kila mmoja akashika ncha moja ya kamba hii.

Wa kwanza ni Abul-Qasim Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusia, aliyefariki kiasi cha mwaka 1013. Alitoka Madinatuz-Zahra, karibu na Kordoba, na alitunga kitabu kikubwa cha utabibu kiitwacho At-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake alichora kiasi cha ala 200 za kazi hiyo. Sehemu hiyo ilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, na matabibu wa Ulaya wakaitegemea kwa mamia ya miaka.

Juu ya saratani, Az-Zahrawi alisema maneno ya mtu mkweli. Alieleza kwamba uvimbe ukiwa mdogo, ungali mwanzo, na uko mahali unapoweza kuondolewa wote, kama vile katika titi, basi tabibu ajaribu kuukata. Ama ukiwa umekaa muda mrefu na umekua, tabibu asiusogelee. Kwani yeye mwenyewe hakupata kumponya mtu wa hali hiyo, wala hakumwona mwingine aliyepata kufanya hivyo. Zingatia, ndugu msomaji. Bingwa wa upasuaji wa zama zake, mwenye ala 200 mkononi, akiri kwamba mpaka kati ya kupona na kutopona ni wakati. Kisu alikuwa nacho. Alichokikosa ni khabari, nayo imfikie mapema.

Wa pili ni Abu Ali Al-Hasan ibn Al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufariki Misri kiasi cha mwaka 1040. Wanataarikh wamesimulia kwamba Al-Hakim, mtawala wa Misri, alimwita aje azuie mafuriko ya mto Nili. Ibn Al-Haytham alipopanda na mto mpaka karibu na Aswan akaona kwamba kazi ile haiwezekani. Akamkhofu mtawala, akajitia wazimu, akakaa nyumbani kwake mpaka Al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye alipata riziki yake kwa kunakili vitabu.

Kitabu chake kikubwa ni Kitabul-Manadhir, chenye sehemu 7, juu ya mwanga na kuona. Kabla yake, wengi wa wanavyuoni wa Kiyunani waliamini kwamba jicho ndilo litoalo mwale ukaenda kukigusa kitu. Yeye alibainisha kwamba mwanga hutoka katika kitu ukaingia jichoni. Na hakutosheka na kujadiliana. Aliingia katika chumba cha giza, akatoboa tundu ndogo, akatazama mwanga unavyopita. Akapima namna mwanga unavyopinda ukitoka katika hewa kuingia katika maji na kioo. Jaribio kama hilo aliliita itibari, na neno hilo tunalo mpaka leo katika Kiswahili tukimaanisha kitu kinachoaminika. Hivyo ndivyo alivyotaka: jambo lisiaminiwe mpaka lipimwe. Katika kitabu chake kingine, alichomkosoa ndani yake Batlamyus, alifundisha kwamba mwenye kuitafuta haki asiyapokee maneno ya waliotangulia kwa heshima tu, na ajitilie shaka hata yeye mwenyewe.

Hapa yafaa tuseme neno moja. Wako ndugu zetu ambao wakisikia chombo kipya cha Wazungu, husema papo hapo: hicho kilikuwa chetu. Hatutaki kusema hivyo. Ibn Al-Haytham hakutengeneza uzi wa kioo, wala Az-Zahrawi hakupima damu kwa mwanga. Walitia msingi, kisha wengine wakajenga juu yake, na wajenzi hao walitoka kila taifa na kila dini. Kumkumbuka babu ni wema, lakini babu hashibishi mjukuu asiyelima.

Sasa tuufuate mwanga. Huenda umemsikia mzamiaji akihadithia kwamba akiwa chini ya maji akatazama juu kwa mshazari, huuona uso wa bahari kama kioo cha kujitazamia. Sababu yake ni kwamba mwanga ulio ndani ya maji ukiufikia ukingo wa hewa kwa mshazari mkubwa hauwezi kutoka. Hurudishwa wote ndani. Mwaka 1841, huko Geneva, Daniel Colladon alitoboa tundu katika pipa la maji, akaupenyeza mwanga katika maji yanayomwagika. Watu wakaona ajabu: mwanga umefuatana na mchirizi wa maji ukapinda nao, kana kwamba umefungwa ndani. Mwaka 1854 John Tyndall aliwaonyesha watu wa London jambo hilo hilo.

Wa kwanza kuutumia ujuzi huu kwa kutaka kuona ndani ya mwili alikuwa mwanafunzi wa utabibu, Heinrich Lamm, mjini Munich mwaka 1930. Alifunga nyuzi nyingi za kioo pamoja akapitisha sura ya waya wa taa. Sura ilikuwa hafifu, kwani nyuzi zilipogusana mwanga ulivuja kutoka mmoja kwenda mwingine. Mwaka 1954 wataalamu wa Uholanzi na Uingereza, akiwamo Narinder Singh Kapany mzaliwa wa Bara Hindi, walitangaza kazi zao juu ya nyuzi hizo. Abraham van Heel wa Uholanzi ndiye aliyeonyesha kwamba kila uzi wapasa uvikwe vazi lake, ili mwanga usivuje. Kisha mwishoni mwa mwaka 1956, katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwanafunzi Lawrence Curtiss alifaulu kuvika uzi wa kioo kwa kioo cha namna nyingine. Tabibu aliyekuwa akifanya kazi naye, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, aliumeza mpira wenye nyuzi hizo yeye mwenyewe mapema mwaka 1957, kabla ya kumtia mgonjwa. Tangu hapo tabibu akaweza kutazama ndani ya tumbo la mtu aliye hai kwa chombo kinachopinda. Ukienda leo kutazamwa vidonda vya tumbo, kumbuka mtu huyo aliyeanza na koo lake.

Bado kulikuwa na kizuizi. Kioo cha siku hizo kilikuwa na uchafu, na mwanga ulikufa baada ya kwenda mita chache. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, pamoja na mwenzake George Hockham, walibainisha kwamba kosa si la kioo chenyewe. Ni la uchafu uliomo. Kikisafishwa barabara, mwanga utakwenda mbali. Mwaka 1970 wataalamu watatu wa kampuni ya Corning, Marekani, wakaupata uzi huo. Na uzi wa leo umesafika hata mwanga ukienda kilomita 10 hubaki zaidi ya nusu yake. Mwaka 2009 Kao alitunukiwa Nishani ya Nobel, na mwaka huo huo nyaya za namna hiyo zilifika Mombasa chini ya bahari, mmoja ukitokea Fujairah katika Ghuba, njia zilizokuwa zikipita majahazi ya wazee wetu kwa pepo za kaskazi na kusi. Basi uzi tunaouzungumza si kitu kigeni kwako. Simu yako ya mkononi hutegemea ndugu yake.

Tuuache mwanga hapo, tuishike ncha ya pili, ile ya Az-Zahrawi: khabari ya mapema itapatikana wapi? Mwaka 1847 tabibu wa London, Henry Bence Jones, aliandika juu ya kitu cha ajabu alichokikuta katika mkojo wa mtu aliyekuwa akilainika mifupa. Kilikuwa ni protini ambayo mkojo ukichemka huyeyuka, na ukipoa hurudi. Baadaye ilijulikana kwamba maradhi yale ni saratani ya uboho wa mifupa. Kwa hiyo uvimbe, ingawa umejificha, huacha alama yake katika maji ya mwili, kama kaa aachavyo nyayo mchangani.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kuzitafuta nyayo hizo. Mwaka 1963 Garri Abelev wa Moscow aliitambua protini katika panya wenye saratani ya ini, na mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta kwa binadamu. Mwaka 1965 Phil Gold na Samuel Freedman, huko Montreal, Kanada, walitangaza alama ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka 1981 Robert Bast na wenzake, huko Boston, walitangaza alama ya saratani ya vifuko vya mayai ya uzazi. Wanaume nao wana alama ya tezi dume, ijulikanayo kwa herufi PSA.

Alama hizi ni chache mno katika damu. Kwa miaka mingi kiwango kilichotumiwa kuwatia matabibu shaka katika PSA kilikuwa nanogramu 4 katika mililita moja. Chukua gramu moja, uigawe mafungu bilioni moja, kisha uchukue manne tu. Ndiyo hayo. Nani atakayeyaona? Jibu limo katika mwili wenyewe. Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili askari waitwao kingamwili, na kila mmoja humjua adui wake kama ufunguo unavyoijua kufuli yake. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, waligundua njia ya kuwazalisha askari wa aina moja kwa wingi nje ya mwili, na mwaka 1984 wakapewa Nishani ya Nobel. Hospitali nyingi huwatumia askari hao katika vipimo vya damu. Lakini vipimo hivyo vyataka maabara, mashine, na mara nyingi saa kadhaa za kungoja.

Hapa ndipo ncha mbili za kamba zilipokutana. Wataalamu walijiuliza: askari hawa wakibandikwa juu ya uzi wa kioo, je, mwanga hauwezi kutuambia mara tu wanapomkamata adui?

Sikiliza inavyofanya kazi. Uzi wa kawaida unene wake wote ni thumuni ya milimita. Mahali padogo uzi huo huvuliwa vazi lake, au hupunguzwa. Mwanga unaokwenda ndani hurudishwa na ukingo kama tulivyoeleza, ila hutokeza nje kidogo mno, masafa yasiyofika sehemu ya elfu ya milimita, kisha hufifia. Ni kama mtu aliye ndani ya nyumba anayechungulia dirishani bila ya kutoka. Kitu chochote kitakachogandamana na uzi mahali pale, mwanga hukihisi. Mara nyingi hupakwa pia dhahabu, tabaka lenye unene wa kiasi cha nanomita 50; ungepanga tabaka 20,000 ndipo upate milimita moja. Dhahabu nyembamba hivyo hunyonya rangi moja maalumu ya mwanga. Askari hubandikwa juu ya dhahabu, uzi ukatiwa katika maji ya damu, na alama ya saratani ikiwapo hukamatwa. Papo hapo rangi inayonyonywa husogea kidogo, na mashine iliyo mwisho wa uzi husoma msogeo huo.

Tabia hii ya metali na mwanga ilianza kuonwa na Robert Wood mwaka 1902, naye hakujua sababu yake. Mwaka 1968 Andreas Otto na Erich Kretschmann, Wajerumani, walionyesha namna ya kuitawala. Mwaka 1983 wataalamu wa Linköping, Sweden, waliitumia kupima vitu vya mwilini, na mwaka 1993 Jorgenson na Yee, huko Seattle, Marekani, wakaihamishia juu ya uzi wa kioo. Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wameufanyia kazi uzi huu kwa alama za saratani ya titi, ya ini, ya tezi dume na nyinginezo. Matumaini yao ni kipimo kidogo, cha tone moja la damu, kitakachomfuata mgonjwa hata mahali pasipokuwa na maabara kubwa.

Je, chombo hiki kimo hospitalini kwetu leo? Hapana. Vyombo vya namna hii vingi vingali katika vyumba vya utafiti, na si kule kwao tu walikovumbuliwa bali duniani kote. Kupima maji safi yaliyotiwa protini moja ni jambo jepesi. Damu ya mwanadamu ni soko lenye watu wengi. Protini nyingine nyingi hujigandamiza juu ya uzi, na mwanga hauna njia ya kuuliza kila mmoja jina lake. Uzi uliofanya kazi leo wapasa ufanye kazi vile vile kesho, na mikononi mwa mtu mwingine. Haya ni yale yale ya itibari ya Ibn Al-Haytham.

Na liko jambo zito kuliko hilo. Hata uzi ukipima sawasawa, alama si saratani. PSA hupanda pia kwa tezi iliyovimba kwa uzee, au iliyoingiwa na maradhi mengine. Alama ya ini hupanda kwa mwanamke mjamzito. Ile ya vifuko vya mayai huweza kupanda hata wakati wa hedhi. Marekani ilikiruhusu kipimo cha PSA mwaka 1986 kwa kuwafuatilia wagonjwa, na mwaka 1994 kusaidia kugundua maradhi. Wanaume wengi wakapimwa, na miongoni mwao wako waliokatwa au kuchomwa kwa mionzi kwa ajili ya uvimbe mdogo ambao haungewadhuru maisha yao yote. Mwaka 2012 jopo la wataalamu wa nchi hiyo likashauri wanaume wazima wasipimwe ovyo. Mwaka 2018 likalegeza, likasema wenye umri wa miaka 55 hadi 69 wakate shauri wao wenyewe baada ya kuzungumza na tabibu.

Sisi Waislamu tusione ajabu katika hili. Kadhi hahukumu kwa neno la mpita njia. Hutaka mashahidi, na shahidi mwenyewe huchunguzwa uadilifu wake. Alama katika damu ni shahidi mmoja. Picha, mkono wa tabibu, na kipande cha nyama kilichotazamwa chini ya darubini ni mashahidi wengine. Mwenye kuhukumu kwa shahidi mmoja huweza kumdhulumu aliye mzima, na mwenye kumfukuza shahidi mlangoni hujidhulumu nafsi yake.

Na hao wa pili, ndugu msomaji, ndio wengi majumbani mwetu. Mama huona kivimbe katika titi, akanyamaza kwa haya, au kwa kuwa hakiumi, ilhali kivimbe cha saratani mara nyingi mwanzoni hakiumi. Mzee hukojoa kwa taabu mwaka mzima akasema ni uzee. Kijana hutoa damu chooni akaona aibu kumwambia hata mkewe. Wengine huogopa jina la maradhi kuliko maradhi yenyewe, wakasema nikienda nitaambiwa. Kisha siku wanapokwenda, tabibu husimama pale pale aliposimama Az-Zahrawi miaka elfu iliyopita, na ala zake zote mkononi, akasema: lau mngekuja mapema.

Kutawakali si kukaa kimya. Dini yetu imetutaka tujitibu, na kujitibu huanza kwa kujua. Haya katika uovu ni sifa, ama haya ya kumficha tabibu maradhi ni madhara. Mume amuulize mkewe, binti amsikilize mamake, na jamaa wasimfanye mgonjwa kuwa siri ya kuonea aibu.

Usingoje uzi wa kioo. Utakuja kwa wakati wake, Mungu akipenda, na wakati huo nao utahitaji mtu wa kunyoosha kidole atoe tone la damu. Kivimbe ulichokigusa jana hakihitaji mwanga wa Ibn Al-Haytham ili kionekane. Chahitaji wewe utoke nyumbani kesho asubuhi uende hospitali.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuwafikishe kuijua khabari kabla haijapitwa na wakati wake. Amin.